Kushona Foronya za Leza kwa Mito ya Barazani
Jua la Dodoma na vumbi la kiangazi huchakaza kitambaa cha kawaida upesi, ndiyo maana napendelea kuishonea mito ya viti vya barazani foronya za leza, yaani kitambaa cha ngozi bandia. Kata vipande ukiacha sentimita 1.5 za mshono, kisha bana kingo kwa vibanio vya nguo badala ya pini, kwa kuwa tundu la sindano kwenye leza halizibiki kamwe. Tumia uzi wa poliesta, sindano namba 16 au 18, na mishono mirefu ya milimita 4. Mishono ikisongamana, leza hutoboka mfululizo na kuchanika kama ukingo wa stempu. Mguu wa cherehani ukinata, tandika karatasi nyembamba juu ya leza, shona, kisha chana karatasi hiyo taratibu. Zipu ikae nyuma, isikoelekea mvua.