Kabla hujafungua mfuko wa kwanza wa chakula cha mtoto wa mbwa

Watu wengi huanzia dukani. Unasimama mbele ya rafu, unachagua mfuko wenye picha ya mbwa anayeng'aa manyoya, unalipa, unarudi nyumbani kifua mbele. Mimi pia nilianzia huko, na leo nina mbwa ambaye mguu wake wa mbele wa kulia unaangalia nje kama mlango uliolegea bawaba. Kabla ya mfuko kuna swali: huyu atafika kilo ngapi? Mtoto wa mbwa atakayeishia kilo 6 na yule atakayefika kilo 40 hawalishwi namna moja, hata kama leo wote wawili wanaenea kwenye kapu moja.

Anza na wazazi. Usikubali kuonyeshwa picha kwenye simu. Mwone mama yake kwa macho yako, akiwa amesimama. Baba akipatikana ni bahati. Kama hajulikani, usiwatazame ndugu wa mzao mmoja ukajipa moyo kwamba wote watafanana, kwa sababu jike akiwa kwenye joto anaweza kupandwa na madume zaidi ya mmoja, na watoto wa tumbo moja wakawa na baba tofauti. Dume kwa kawaida humzidi jike uzito, na tofauti hiyo huonekana zaidi kwenye mbegu kubwa.

Mbegu ikijulikana kwa hakika, kazi imepungua sana. Chihuahua huishia kilo 3 hivi, Labrador huwa kati ya kilo 25 na 36, Great Dane hupita 50 bila shida. Neno ni "kwa hakika". Muuzaji anaweza kukutajia mbegu yoyote inayopandisha bei.

Habari ya nyayo utaisikia kwa kila mtu: "Tazama miguu hiyo, huyu atakuwa simba." Wakati mwingine wanapatia. Lakini nyayo hukuambia tu kwamba bado anakua, haikwambii atasimama wapi. Kwa chotara asiyejulikana asili, kipimo cha vinasaba kinasaidia zaidi. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba jeni moja iitwayo IGF1 ina mchango mkubwa katika kuwafanya mbwa wadogo wawe wadogo, na tangu hapo zimepatikana nyingine kadhaa zinazohusu umbo na kimo. Ukiwa na uwezo, pima. Huna, basi nunua mizani.

Mizani ya bafuni inatosha. Jipime peke yako, kisha jipime ukiwa umembeba, toa. Akiwa mdogo kabisa tumia mizani ya jikoni, maana ile ya bafuni haioni gramu. Fanya hivyo kila wiki, siku ile ile, kabla hajala, na uandike. Hesabu inayotumiwa na wengi ni ya nusu: mbwa wa ukubwa wa kati hufikia karibu nusu ya uzito wake wa utu uzima akiwa na miezi 4, wadogo huwahi kidogo, wakubwa huchelewa hadi kama miezi 5, na wale majitu hata 6. Kwa hiyo unachukua uzito wa umri huo, unazidisha kwa mbili. Ni makadirio, usiende kugombana na mtu kwa ajili ya kilo 3.

Sasa nikuambie jinsi hesabu hiyo nzuri ilivyoniponza.

Wangu niliuziwa nikiambiwa ana miezi 4. Nilimpima siku ile ile: kilo 7 na nusu. Nikazidisha kwa mbili, nikapata 15. Mbwa wa kati, safi kabisa, ndiye niliyekuwa namtaka. Nikanunua chakula cha watoto wa mbwa wa kawaida, chenye nguvu nyingi, nikamjazia bakuli asubuhi na jioni nikitumia kikombe nilichokuwa nacho jikoni. Alikula kama analipwa. Wiki sita baadaye alikuwa na kilo 16. Hapo mtu mwenye akili angesimama ajiulize: aliyepaswa kuishia 15 amezivuka vipi kabla ya nusu mwaka? Mimi nilifurahi. Nilipiga picha.

Ndani ya wiki hizo hizo miguu ya mbele ilikuwa imeanza kupinda. Mwanzo ilikuwa kidogo tu, nyayo zikielekea nje, na vifundo juu ya nyayo vimetuna kama vimefungwa fundo la kamba. Mwenzangu mmoja anayefuga mbwa siku nyingi akatazama akasema, "Hayo matege. Hana kalsiamu huyo." Nilimwamini kwa sababu jambo lenyewe lilileta maana: mifupa imepinda, mifupa ni kalsiamu, basi ongeza kalsiamu. Nikanunua unga wake, nikawa naunyunyiza juu ya chakula, kijiko cha chai kimoja, na siku nyingine kimoja na nusu nikiona amechechemea. Hali ikazidi. Nami nikazidisha unga.

Kilichotufumbua macho ni jino. Nilikuwa nafagia nikaliona kwenye mkeka, dogo kama punje ya mchele, lina ncha. Nikaliweka kwenye kiganja nikacheka, kisha nikalichukua kwenda nalo kwa daktari wa mifugo pamoja na mbwa. Daktari hakucheka. Alimfungua mdomo, akapitisha kidole kwenye meno ya mbele, akauliza, "Umesema ana miezi mingapi?" Nikamjibu, mitano na nusu. Akanionyesha: meno ya mbele ya utoto ndiyo kwanza yameanza kung'oka, na hayo huanza kubadilika kati ya miezi 3 na 5. Magego ya nyuma hayajatokea. Meno marefu ya pembeni, yale yanayobadilika mwezi wa 5 au wa 6, bado ni sindano za utoto. "Huyu ana miezi minne leo," akasema. Yaani siku nilipomchukua alikuwa na wiki kumi au kumi na moja. Rudia hesabu sasa: kilo 16 kwa miezi 4, na bado hajafika nusu. Nilikuwa nimebeba mbwa mkubwa nikimlisha kama mbwa wa kati, tena nikimwongezea unga.

Kuhusu unga daktari alinieleza jambo ambalo sitalisahau. Mbwa mzima akila kalsiamu nyingi kupita haja, utumbo wake huchukua kiasi chake na kuacha nyingine ipite. Mtoto wa mbwa, hasa kabla ya miezi 6, hajui kukataa. Unachompa kinaingia. Kwenye mbegu kubwa, kalsiamu ya ziada inavuruga ukuaji wa gegedu zilizo karibu na ncha za mifupa, pale mfupa unaporefukia. Mifupa miwili ya mguu wa mbele inapaswa kukua kwa mwendo mmoja. Mmoja ukichelewa, mwingine unalazimika kupinda. Kile nilichokiita upungufu kilikuwa kimeanzishwa na chakula kingi, nami nikakimwagia mafuta ya taa.

Unga ulisimamishwa siku hiyo hiyo. Chakula kikabadilishwa, kiasi kikapunguzwa, na kikombe changu kikapimwa kwenye mizani: kilikuwa kinabeba karibu mara mbili ya kile kilichoandikwa kwenye mfuko. Mguu wa kushoto ulinyooka kwa kiasi kikubwa. Wa kulia ulibaki hivyo. Hana maumivu makali, ila asubuhi za baridi husimama kwa awamu mbili, mbele kwanza, kisha nyuma, na mimi husubiri naye pale mlangoni.

Kwa hiyo, kabla ya kuzidisha kwa mbili, hakikisha umri. Meno ya utoto ni 28, meno ya ukubwani ni 42, na kufikia miezi 7 yote huwa yametoka. Ukiambiwa ana miezi 4 na mdomo umejaa sindano nyembamba zisizo na pengo hata moja, mtilie shaka aliyekuambia. Hakikisha pia ametibiwa minyoo. Tumbo lililojaa minyoo hudanganya mizani na macho. Mtoto aliyekonda mgongoni na kutuna tumboni si mnene.

Tukija kwenye mfuko wenyewe. Kama makadirio yako yanafika kilo 25 au zaidi, tafuta chakula kilichoandikwa kuwa ni cha watoto wa mbwa wa mbegu kubwa. Hilo si tangazo tu. Nchini Marekani kanuni za AAFCO, chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya wanyama, zinataka mfuko useme wazi kama chakula kinafaa kwa ukuaji wa mbwa wakubwa, yaani wanaofika kilo 32 na kuendelea, na kiwango cha juu cha kalsiamu kwao ni asilimia 1.8 ya chakula kikiondolewa maji, wakati kwa vyakula vingine ni 2.5. Chakula kilichoandikwa "hatua zote za maisha" kinaweza kuwa sawa au kisiwe, soma mstari wa chini. Cha mbwa wazima usimpe mtoto. Na chakula kikiwa kamili, usiongeze unga wala vidonge vyovyote bila daktari. Protini watu huiogopa bure. Kinachowaumiza mbwa wakubwa wanaokua ni chakula kupita kiasi na kalsiamu kupita kiasi.

Upande wa pili wa shilingi upo. Anayempikia mbwa nyumbani na kumpa nyama tupu anamnyima kalsiamu kweli kweli, kwa sababu nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu. Mwili wa mtoto huyo hukopa kwenye mifupa yake mwenyewe, na mifupa hiyo huja kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi. Ukitaka kupika, pika kwa fomula ya mtaalamu wa lishe ya wanyama, usikisie. Kukisia ndiko kulikonifikisha hapa.

Wenye mbwa wadogo wana hofu yao tofauti. Wale wa kilo 2 au 3 wana akiba ndogo mwilini, wakikosa mlo sukari inaweza kushuka, wakalegea na hata kutetemeka. Wape milo minne kwa siku mpaka wafike miezi 3 au 4. Wengine milo mitatu hadi miezi 6, kisha miwili.

Kiasi kilichoandikwa kwenye mfuko ni mahali pa kuanzia. Anayekuambia ukweli ni mwili wake. Pitisha vidole ubavuni: mbavu uzihisi kirahisi kama unavyohisi mifupa juu ya mgongo wa kiganja chako kilichonyooshwa. Ukihisi kama unagusa vifundo vya ngumi, amekonda. Ukihisi kama unagusa upande wa ndani wa kiganja, amenenepa. Kiuno kionekane ukimtazama kutoka juu. Mtoto wa mbegu kubwa ni afadhali awe mwembamba kidogo. Kuna utafiti wa Labrador 48 uliochapishwa mwaka 2002, ambao nusu yao walipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao tangu utotoni. Waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi, na viungo vyao vilichelewa kuharibika. Kumpunguzia hakumfanyi awe mfupi, anafika kimo chake kilekile, taratibu zaidi.

Kwa hiyo usimkimbize. Wadogo humaliza kukua kati ya miezi 8 na 12, wakubwa miezi 15 hadi 18, majitu hadi miaka miwili. Chakula cha ukuaji kiendelee muda huo wote. Kuhasi mapema pia huchelewesha kufunga kwa ncha za mifupa, mwulize daktari wakati unaofaa kwa ukubwa wa mbwa wako kabla hujapanga tarehe.

Mengine ni ya kawaida. Kubadili chakula, changanya kipya na cha zamani kwa siku 7 hadi 10, la sivyo utashinda unadeki. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi wao. Mifupa iliyopikwa hapana, hupasuka vipande vyenye makali. Chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu vya aina zote, pamoja na peremende na jojo zenye utamu wa zailitoli, visimfikie kabisa. Maji yawepo wakati wote. Kitunze chakula ndani ya mfuko wake wa asili, ili siku akiugua uwe na namba ya toleo la kumwonyesha daktari. Wageni na watoto waambiwe mapema kwamba chini ya meza hakudondoshwi kitu. Kikombe cha kupimia kipime kwanza kwenye mizani ya jikoni, ukiandike gramu zake ubavuni kwa kalamu isiyofutika, na kisitumike kwa kazi nyingine.