SOMO: Kurudisha maneno ya Catullus kutoka nakala tatu

Catullus, mshairi wa Kirumi, alifariki yapata mwaka 54 KK. Mashairi yake karibu yote yalipona ndani ya kitabu kimoja kilichojitokeza Verona karibu na mwaka 1300, kikanakiliwa, kisha kikapotea. Wasomi hukiita V. Tujaribu kukirudisha.

Hatua ya 1. Kusanya nakala. Ziko zaidi ya 100, lakini usitishike. Zenye uzito ni tatu za karne ya 14: O iliyoko Oxford, G iliyoko Paris (ya mwaka 1375) na R iliyoko Vatican, ambayo haikutambuliwa hadi 1896.

Hatua ya 2. Zilinganishe neno kwa neno, uandike kila tofauti, hata ya herufi moja. Inachosha macho. Hakuna njia ya mkato.

Hatua ya 3. Tafuta makosa yanayofanana. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu hukimbilia kuhesabu mahali nakala zinapopatia. Wanafunzi wawili wakiandika 7 mara 8 ni 56, hujajifunza kitu. Wote wakiandika 54, uliza walikaa dawati gani. G na R zina makosa ya pamoja ambayo O haina. Kwa hiyo zina mama mmoja aliyepotea, tumwite X.

Hatua ya 4. Usipige kura. G na R zikiafikiana dhidi ya O, hao si wawili kwa mmoja: ni X na O, sare. O na G zikiafikiana dhidi ya R, kwa kawaida R ndiyo imekosea.

Hatua ya 5. Ukishakipata V, kikosoe nacho. Shairi la 84 linamcheka Arrius, mtu wa kuchomeka h pasipo h: akitaka kusema commoda (yaani faida), husema chommoda. Nakala zetu zinaandika commoda tu, na utani umekufa! Ni kama kusimulia habari za mtu anayesema "hasubuhi", karani akakuandikia "asubuhi". Wasomi wa Italia wa karne ya 15 ndio walioirudisha h hiyo.

Hatua ya 6. Chini ya ukurasa, andika kila nakala inasemaje na nani alipendekeza sahihisho.

MASWALI

Mwalimu, nakala ya kale si ndiyo bora?
Si lazima. O inaaminiwa kwa sababu nyingine: mnakili wake anaonekana hakukijua Kilatini vizuri, na asiyejua hasahihishi. Mwogope mnakili msomi.

Kuna kitu cha kupimia V?
Kipo kidogo. Shairi la 62 limo pia katika kitabu cha karne ya 9 kilichoko Paris, na humo umo mstari wa 14, ambao V haikuwa nao.

Shikamoo mwalimu. Tenzi zetu je?
Marahaba. Njia hii inafaa, ila kwa tahadhari. Chukua Al-Inkishafi. Nakala zake za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu mara nyingi hazitenganishi e na i, wala o na u, kwa hiyo tofauti ya irabu kati ya nakala mbili huenda ni ya msomaji, si ya mnakili. Tena mnakili wa utenzi mara nyingi anaujua kwa moyo: jicho liko kwenye karatasi, mkono unaandika alichokisikia kwa bibi yake. Hapo matawi yanachanganyika, na hatua ya 3 inakuwa ngumu kweli.