Kabla ya kukodi gari la umeme, gawanya kwa kilomita
Ukiletewa mkataba wa kukodi gari la umeme kwa miaka 2 au 3, usitazame malipo ya mwezi peke yake. Jumlisha kianzio, malipo ya miezi yote na ada ya kurudisha gari, kisha gawanya kwa kilomita zote unazoruhusiwa kuendesha katika mkataba. Hapo bei halisi inajitokeza, maana malipo madogo ya mwezi mara nyingi huficha kianzio kikubwa. Uzuri wa kukodi ni kwamba gari likishuka thamani, na haya ya umeme hushuka haraka, hasara inabaki kwa mwenye gari, si kwako. Hesabu inavurugika ukizidisha kilomita, kwani kila ya ziada hutozwa. Na kama unakaa na gari miaka 6 au zaidi, nunua tu: dhamana ya betri kwa kawaida ni miaka 8.