Somo: Kupima ini lililoshindwa ghafla

Wenzangu wa zahanati na vituo vya Kanda ya Ziwa, somo hili linamhusu mgonjwa ambaye hakuwa na ugonjwa wa ini, akapata manjano, na ndani ya siku au wiki chache akaanza kuchanganyikiwa.

Hatua ya 1: Fahamu. Muulize leo ni siku gani, yuko wapi, nani kamleta. Anyooshe mikono na kukunjua viganja, vikipigapiga, andika. Rudia kila saa moja au mbili, maana hali hubadilika ndani ya zamu hiyohiyo.

Hatua ya 2: Sukari, papo hapo, kwa tone la kidoleni. Ini likishindwa sukari hushuka, na mgonjwa huzimia kwa sababu ambayo ungeitibu kwa dakika chache.

Hatua ya 3: INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda; ikipanda, damu inachelewa kuganda. Hapa naomba tutulie. Ini ndilo linalotengeneza protini za kugandisha damu, na ile ya namba VII nusu yake huisha ndani ya saa 4 hadi 6. Ndiyo maana INR husema mapema. Albumini, protini nyingine ya ini, nusu yake huchukua kama siku 20 kuisha, haitakuambia lolote kuhusu jana. INR ya 1.5 au zaidi pamoja na kuchanganyikiwa: hilo ni ini lililoshindwa, anza rufaa. Kichupa cha mfuniko wa bluu kijae hadi mstarini. Damu ikiwa pungufu kichupani, INR hupanda kwa uongo.

Hatua ya 4: Bilirubini (rangi ya manjano kwenye damu), kreatinini (kazi ya figo), na lakteti (asidi inayojikusanya mwili ukizidiwa) kama ipo.

Na ALT, kimeng'enya kinachovuja kutoka seli za ini? Hiyo huonyesha seli zinazokufa, haipimi kazi ya ini. Ikishuka huku INR inapanda, usiwape ndugu habari njema. Huenda seli za kufa ndizo zimekwisha.

MASWALI

Muuguzi, Ukerewe: Hapa hatupimi INR. Sampuli inaweza kusubiri kivuko cha kwenda Mwanza?
Jibu: Dada, hukaa hadi saa 24 kwenye joto la kawaida bila kufunguliwa, usiiweke kwenye friji. Lakini kama tayari amechanganyikiwa, mpandishe mgonjwa mwenyewe, aende hospitali ya Bugando, Mwanza. Usisubiri majibu.

Afisa tabibu: Tumpe plazma (maji ya damu yenye protini za kugandisha) INR ishuke kabla ya safari?
Jibu: Kama havuji damu, hapana. Utawafichia wanaompokea kipimo chao bora. Vitamini K miligramu 10 mshipani, polepole, inafaa. INR isiporudi kawaida, tatizo ni ini lenyewe.

Mwanachama, Magu: Mvuvi anatapika damu, bandama kubwa, ila INR ni ya kawaida na akili timamu. Ini limeshindwa?
Jibu: Kaka, fikiria kichocho cha tumbo. Mayai yake huziba mishipa midogo ndani ya ini, shinikizo likapanda hadi mishipa ya umio ikapasuka, lakini seli za ini huendelea na kazi. Zuia damu, mwongezee damu akihitaji, na mpeleke akafanyiwe endoskopi, yaani kuangaliwa umio kwa mpira wenye kamera.