Somo: Kupima kimeng'enya cha GABA na utoaji wake katika seli changa za ubongo

Kosa ninaloliona mara nyingi: mtu anapima kimeng'enya kinachotengeneza GABA (kemikali ya kupeleka ujumbe kati ya seli za ubongo), anakuta kimepanda, anaandika kwamba seli "zinatoa GABA zaidi". Kutengeneza ni jambo moja, kutoa ni jingine. Pima vyote viwili, kwenye sahani za kundi moja na umri mmoja.

Kimeng'enya chenyewe ni GAD. Hukikata kikundi cha kaboksili cha glutameti, zikabaki GABA na kaboni dioksidi, na hakifanyi kazi bila vitamini B6.

Hatua ya 1. Otesha seli za gamba la ubongo kutoka vijusi vya panya wa mimba ya siku 18. Tenga sahani za siku ya 4, ya 7 na ya 14.

Hatua ya 2. Anza na utoaji. Osha seli kwa bafa ya nyuzi 37, ukimimina ukingoni. Seli changa hazijashika vizuri, ukimwaga katikati zitang'oka. Chukua sampuli ya msingi.

Hatua ya 3. Weka bafa yenye potasiamu milimola 50 badala ya 5, na upunguze sodiamu kwa kiasi hicho hicho. Milango ya kalsiamu itafunguka na vifuko vidogo vinavyohifadhi GABA ndani ya seli vitaimwaga nje. Kusanya bafa upesi.

Hatua ya 4. Rudia kwenye sahani nyingine bila kalsiamu, ukiongeza EGTA, kemikali inayonasa kalsiamu iliyobaki. Wengi huiruka hatua hii, nami matokeo yao ya siku ya 4 siyaamini. Seli iliyokomaa hutegemea sana kalsiamu. Katika seli changa, sehemu ya GABA hupita kwenye protini zilezile za kuirudisha ndani, zikifanya kazi kinyumenyume. Bila sahani hii huwezi kujua ipi imetoka kwenye vifuko.

Hatua ya 5. Kwaruza seli juu ya barafu, zisage, kisha zipe glutameti yenye kaboni 14 (kaboni ya mionzi) kwenye kaboksili ya kwanza. Nasa kaboni dioksidi kwa karatasi yenye alkali, uihesabu. Pima pamoja na B6 ya nyongeza na bila hiyo: bila B6 unaona GAD iliyo tayari kazini, pamoja nayo unaona uwezo wote. Gawa kwa miligramu za protini.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, maabara yetu haina kibali cha mionzi. Tufanyeje?*
Pima GABA yenyewe kwa kromatografia ya kimiminika. Hata wenye kibali waifanye, maana njia nyingine za seli nazo hutoa kaboni dioksidi kutoka glutameti.

*GABA si ya kutuliza? Mbona nasikia huamsha seli changa?*
Seli changa ina kloridi nyingi ndani, inayoingizwa na protini ya NKCC1. GABA ikifungua mlango, kloridi hutoka na seli husisimka. KCC2, protini inayotoa kloridi nje, ikiongezeka baadaye, kloridi hupungua ndani, ndipo GABA inapotuliza.

*Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu. B6 hii ndiyo tunayowapa wanaotumia isoniazidi?*
Ndiyo, dada, piridoksini. Mnaitoa hasa kulinda neva za miguu na mikono. Lakini isoniazidi ikizidi sana mwilini, GAD hukosa B6, GABA hupungua, na mgonjwa hupata degedege. Dawa yake ni piridoksini hiyohiyo, kwa dozi kubwa ya mshipani.