Namna ya Kusoma Kisa cha Kofia Nyekundu Kilichosimuliwa Upya kwa Kutisha
Kabla hujafungua masimulizi mapya ya kutisha ya Kofia Nyekundu, ile hadithi ya kale ya Ulaya ya msichana anayekutana na mbwamwitu akienda kwa bibi yake, soma kwanza toleo la mwandishi Mfaransa Charles Perrault la mwaka 1697, ambamo mbwamwitu anamla msichana na hadithi inaishia hapo hapo, kisha lile la ndugu Grimm, wakusanyaji wa hadithi wa Ujerumani, la mwaka 1812, ambamo mwindaji anampasua mnyama tumbo kwa mkasi na mawe yanajazwa humo. Ukishayajua hayo mawili, utatambua mara moja mahali ambapo mwandishi wa leo anaiacha njia ya zamani. Soma polepole, ikiwezekana usiku (mimi huzima simu kabisa), na ukifikia yale maswali ya masikio, macho na meno, ambayo zamani msichana alimuuliza mbwamwitu aliyejifanya bibi yake, tazama ni nani sasa anayeuliza.