Jinsi ya Kuchagua Kifaa Kidogo cha GPS cha Gari kwa Bei Nafuu Mjini Mombasa

Kazi yangu ni kufunga redio, kamera na vifaa vya kuongoza njia katika magari hapa Mombasa. Wateja wengi wanaoniletea kifaa cha GPS cha bei nafuu huwa wameangalia ukubwa wa skrini kwanza na ramani mwisho, nami husisitiza kwamba mpangilio huo unapaswa kupinduliwa. Mashine yenyewe, hata ya bei ya chini, kwa kawaida hupokea mawimbi ya setilaiti vizuri kiasi cha kutosha. Kinachotenganisha kifaa kinachofaa na kisichofaa ni ramani iliyomo ndani yake na uwezekano wa kuibadilisha.

Hatua ya kwanza ni kumweleza muuzaji waziwazi unachotaka. Ukiomba GPS ya gari bila maelezo zaidi, huenda ukapewa kifaa cha kufuatilia gari, yaani kile kinachofichwa nyuma ya dashibodi na kumtumia mwenye gari taarifa kwa laini ya simu. Sema unataka chenye skrini na ramani, kinachomwelekeza dereva. Pima pia kama unakihitaji kweli. Kwa mtu anayezunguka kati ya Nyali na mjini, simu yenye ramani iliyopakuliwa mapema inatosha. Dereva anayepita Garsen kwenda Lamu, au anayeingia Tsavo, atafaidika na kifaa cha pekee kwa sababu hakitegemei mtandao wala bando, na hakikatizwi na simu zinazoingia.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito kuliko zote: ijaribu ramani kabla hujatoa pesa. Kifaa kilicholetwa kutoka Dubai kinaweza kuwa na ramani ya nchi za Ghuba peke yake, na kilichotumika Uingereza kikawa na ramani ya Ulaya tu. Vyote viwili vitalionyesha gari lako likiwa katika uwanja mtupu. Usiridhike na maneno kwamba ramani ya Kenya imo. Omba njia kutoka Fort Jesus hadi Diani. Ramani inayotambua kivuko cha Likoni itakupitisha hapo. Kisha ingia kwenye mipangilio, chagua kuepuka feri, na uombe njia upya. Ramani ya karibuni itakutoa kisiwani hadi Miritini, ikushushe kwa barabara ya Dongo Kundu mpaka ukutane na barabara ya Likoni kuelekea Lunga Lunga. Ramani ya zamani haiijui njia hiyo, hivyo itakuzungusha mbali kupitia Kinango na Kwale. Jaribio hili moja linakueleza umri wa ramani kwa uhakika kuliko maandishi yoyote ya kwenye boksi.

Endelea na jaribio la kutafuta mahali. Nyumba nyingi za Mombasa hazina namba inayotumiwa na watu; tunaelekezana kwa msikiti, kituo cha petroli, shule au steji, kwa hiyo kifaa kinachotafuta kwa jina la mtaa na namba ya nyumba peke yake hakitakusaidia Kisauni wala Changamwe. Tafuta hospitali au shule unayoijua, uone kama imewekwa upande sahihi wa barabara. Hakikisha pia kwamba kinakubali kuandikiwa nambari za latitudo na longitudo, kwa kuwa mwenyeji wako anaweza kukutumia hizo kutoka kwenye simu yake. Fort Jesus ipo karibu na 4.06 Kusini na 39.68 Mashariki. Angalia kwamba herufi ya Kaskazini (N) imebadilishwa kuwa ya Kusini (S). Usipoibadilisha, nambari zizo hizo zitakupeleka Ethiopia, ng'ambo ya Moyale.

Hatua ya tatu ni kuuliza ramani itabadilishwaje baadaye. Vifaa vingi vya kampuni ya Garmin hupokea ramani zinazotengenezwa kutokana na data ya OpenStreetMap, mradi wa ramani huria ulioanza mwaka 2004: faili hupewa jina la gmapsupp.img na kuwekwa katika folda ya Garmin ndani ya memori kadi. Vifaa vya bei ya chini kabisa vinavyoendeshwa na Windows CE, mfumo wa Microsoft wa vifaa vidogo, hutegemea programu iliyowekwa na muuzaji, kwa hiyo usinunue kimoja kisicho na tundu la memori kadi.

Kwa kifaa kilichotumika, angalia tarehe. Mfumo wa GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya, na hesabu hiyo ilirudi mwanzo tarehe 6 Aprili 2019. Baadhi ya vifaa vya zamani ambavyo programu yake haikusasishwa huonyesha tarehe ya miaka mingi iliyopita, na muda wa kufika unaweza kukosewa. Kiache.

Sasa ndipo uangalie umbo. Kwa gari dogo napendelea inchi 5, kwa sababu skrini ya inchi 7 kwenye kioo cha mbele hufunika sehemu ya barabara ambayo dereva anapaswa kuiona, hasa katika vichochoro vya Mji wa Kale. Soma maandishi ya chaja kwa makini: magari madogo hutumia volti 12 na malori mengi volti 24, na chaja ya volti 12 pekee itaungua kwenye lori. Betri ya ndani huwa ndogo. Ichukue kuwa ya dharura tu. Joto la Pwani huiharibu haraka na hulegeza mpira unaokishikilia kifaa kwenye kioo, kwa hiyo kitoe kila unapoegesha juani, jambo ambalo pia linakiepusha na wezi.

Mwisho, toka nacho nje ya duka. Kifaa kinahitaji setilaiti zisizopungua 4 ili kijue mahali kilipo, na chini ya zege hakitazipata. Kiweke mahali penye anga wazi, ukisubiri dakika kadhaa kama kilikaa muda mrefu bila kuwashwa. Baada ya hapo kijaribu ndani ya gari lako mwenyewe, maana vioo vyenye utando wa metali wa kuzuia joto hudhoofisha mawimbi. Gari lako likiwa na vioo hivyo, patana na muuzaji kwa maandishi kwenye risiti kwamba unaweza kukirudisha.